Bweha Haitwi Mkutanoni

Mpaka leo nikimsikia mtu akisema "mbwa au bweha, yote ni yale yale," siwezi kunyamaza. Si yale yale. Aliyekaa na mifugo hawezi kusema hivyo, na ambaye hakukaa na mifugo afadhali aulize. Nimeshawakatiza watu msibani, kanisani, hata juu ya lori la mnada kwa sababu ya jambo hili. Wajukuu wangu wanajua kwamba bibi akianza habari ya bweha, uji utapoa.

Nilizaliwa milimani, upande wa Endagikot. Kwetu mifugo haikulala nje. Nyumba ilikuwa moja, ndefu na ya chini, watu upande huu, ng'ombe na kondoo upande ule, katikati kizuizi cha fito. Ukilala ulisikia wanavyocheua. Wageni kutoka mikoa mingine walifika wakaziba pua, lakini sikumbuki siku tuliyoamka tukakuta kondoo ameliwa, na baridi ya kule haikutuua. Bweha tulikutana naye mchana, malishoni, na huko ndiko baba alikonifundisha kumtambua. Ilikuwa lazima. Mbwa wetu wa milimani ni wa rangi ya nyasi kavu, masikio yamesimama, miguu myembamba, na yupo bweha wa rangi hiyohiyo. Kwa mbali wanafanana sana. Watoto wengi walimrushia jiwe mbwa wa jirani wakidhani ni bweha, na mmoja wetu aliwahi kumpigia bweha mluzi ili aje amsaidie kurudisha mbuzi.

Baba aliniambia nisiangalie rangi, niangalie mkia. Mkia wa bweha ni mzito wa manyoya, una ncha nyeusi, na unaning'inia. Haupandi. Mbwa wetu mkia umejikunja juu ya mgongo kama mkono wa kikapu, hata akiwa na njaa. Halafu mwendo. Bweha huenda kichwa chini, mbio fupi fupi, kisha husimama na kugeuka kukutazama kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mbwa akikuona ama anakuja ama anakimbia, hana siri. Nyayo za bweha ni nyembamba na zinafuatana kwa mstari. Mbwa anazagaa huku na huku ananusa kila kichaka. Hata kuua hawaui sawa. Bweha hushika koo, hupasua ubavu, hula. Mbwa aliyeharibika hung'ata miguu ya nyuma na masikio, hucheza, huacha mzoga umelala mzima. Mtoto wa kwetu alijua haya kabla ya kujua kusoma.

Nikaolewa chini, upande wa Mogitu, kwenye uwanda unaotazama mlima Hanang. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba makubwa ya ngano, akirudi nyumbani kwa msimu. Nyumbani tulibaki mimi, mama mkwe wangu, watoto wawili, na mbwa jike niliyekuja naye kutoka kwetu akiwa bado mdogo, ndani ya kikapu cha harusi. Wifi zangu walicheka sana. Walisema wengine huja na vyombo, huyu kaja na mbwa. Nikawajibu kwamba vyombo havibweki.

Ikaja amri ya kuhamia vijijini. Sitaki mtu anielewe vibaya. Sikuwa adui wa Ujamaa. Kuhama kulituuma, kuacha shamba lenye mbolea ya miaka mingi si mchezo, lakini shule ilikuja karibu na zahanati ikaja karibu, na mimi ambaye nilitembea nusu siku kupeleka mtoto mwenye homa siwezi kulisema vibaya jambo hilo. Tulijenga nyumba zetu kwa mstari, kama tulivyoelekezwa. Zilikuwa ndogo. Bwana afya alipiga marufuku kulala na mifugo ndani, akasema ni ushamba na ni ugonjwa. Kondoo wa kijiji, wale wa ushirika, wakajengewa boma la miiba mwisho wa mstari, karibu na nyumba yangu.

Hapo ndipo tulipokosea, na lilikuwa kosa la watu wa milimani. Sisi boma la miiba tulikuwa hatujawahi kujenga, maana mifugo yetu ililala ndani. Wafugaji wa uwandani wanajua kwamba tawi la mgunga linalazwa shina ndani na miiba nje. Sisi tulilaza mashina nje, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa rahisi kulibeba na kulitupa bila kuchomwa. Likapendeza kwa macho. Lakini shina likiwa nje, mnyama yeyote mwenye meno analishika na kulivuta, na mlango umekwisha kupatikana.

Wana-kondoo wakaanza kuliwa. Asubuhi moja mmoja, kisha wawili. Nilikwenda kutazama pamoja na wanawake wengine tuliokuwa tunapita kwenda kisimani. Koo limeshikwa, ubavu umepasuliwa, na kwenye vumbi nyayo nyembamba za mstari. Nikasema, "Bweha." Wale wanawake wakasema, "Bweha." Hakuna aliyebisha, na sote tukaendelea na ndoo zetu.

Siku chache baadaye shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, akatangaza jambo jingine. Yeye ndiye aliyekuwa balozi wa nyumba zetu kumi, na zamu ya kulinda boma ilikuwa yake. Alisema kabla jua halijatoka alimwona mnyama akitoka bomani na kuelekea upande wa nyumba yangu. Akasema ni mbwa wangu.

Nilijua kwa nini alisema hivyo, na sikumchukia kwa siku zote, ingawa siku ile nilimchukia vya kutosha. Bweha akiingia bomani, mlinzi ataulizwa alikuwa anafanya nini. Lakini mbwa wa jirani anapita popote, nani atamshangaa? Shemeji alikuwa amesinzia. Mtu anayelima mchana kutwa shamba lake na la kijiji, kisha akakeshe na rungu, atasinzia. Angesema tu.

Msomaji ambaye si wa kwetu aelewe jambo hili lilikuwa zito kiasi gani. Kwetu nyumba iliyowadhuru majirani hutengwa. Hupigwi, hutukanwi. Hakuna anayekuja kuomba moto kwako, hakuna anayekunywa maji ya kibuyu chako, ukifika kisimani wenzako wanamaliza haraka na kuondoka, na watoto wako wanacheza peke yao. Inaweza kuwa miezi. Mimi mume wangu yuko mbali, nyumba yangu ni ya mwisho kwenye mstari, mama mkwe hawezi kubeba ndoo. Wakimuua mbwa wangu kwa kosa la kula kondoo wa kijiji, maana yake kosa limethibitishwa, na nyumba yangu ndiyo iliyokula.

Mkutano uliitwa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mzee mwenye sauti ya upole, asiyependa ugomvi, na watu wasiopenda ugomvi wanaweza kufanya mambo mabaya sana ili wapate utulivu. Bwana mifugo naye alikuwepo, kijana kutoka mkoa mwingine, msafi, mwenye baiskeli. Alisoma barua kwamba wilaya imetaka hatua zichukuliwe, kwa hiyo bunduki italetwa na mbwa wote wa kijiji watakusanywa kwenye uwanja wa shule na kupigwa risasi, kuanzia na yule aliyeonekana.

Nikasimama. "Shikamoo, ndugu mwenyekiti."

"Marahaba. Sema, mwanangu."

"Naomba shemeji aseme mbele ya wote. Mnyama aliyemwona, mkia wake ulikuwaje?"

Shemeji akasema ilikuwa bado giza. Nikamuuliza kama giza lilimwonyesha kwamba ni mbwa wangu na likamficha mkia, ni giza la namna gani hilo. Watu wakacheka kidogo. Mwenyekiti akasema, "Mwanangu, keti." Nikawatazama wale wanawake tuliokuwa nao kisimani. Kila mmoja alikuwa anatengeneza kanga yake au anamfuta mtoto pua. Nikaketi, lakini sikuwa nimeshindwa.

Baada ya mkutano nilimfuata bwana mifugo alipokuwa anapandisha mnyororo wa baiskeli yake. Nilidhani hajui, na mtu asiyejua anaweza kuelezwa. Nikaanza kumweleza habari ya koo na ubavu. Akaninyamazisha kwa mkono, taratibu, akaangalia kama kuna mtu karibu.

"Mama, najua ni bweha," alisema. "Nilijua siku ya kwanza."

"Basi kwa nini hukusema?"

"Wilaya inataka hatua. Bweha utamwita mkutanoni aje? Mbwa wanaitika. Nitawakusanya, nitaandika kazi imefanyika, mambo yatatulia."

Alisema bila ubaya. Hata alinihurumia, nilimwona. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa nimewaka kuliko wakati shemeji aliponisingizia, maana shemeji alikuwa anajiokoa, na huyu alikuwa hajiokoi na chochote. Alikuwa anaona ukweli uso kwa uso na kuupita kama mtu anavyopita jiwe njiani.

Mama mkwe alinisubiri mlangoni. Alikuwa amekwisha kusikia yote.

"Mwanangu, mpe huyo mbwa," alisema. "Mbwa ni mbwa. Tutapata mwingine."

"Mama, nikimpa, nimekubali."

"Kukubali kuna nini? Nimekubali mengi mimi katika maisha yangu na bado nakula."

"Wakitutenga utakula na nani?"

Akaniuliza nataka kufanya nini. Nikamwambia, naye akasema nina kichaa. Halafu akaingia ndani akaanza kuondoa magunia ya mahindi ukutani ili kupata nafasi.

Kesho yake mchana kweupe, kondoo wakubwa wakiwa malishoni, nilikwenda kwenye boma la kijiji, nikaondoa tawi la mlangoni, nikawatoa wana-kondoo wote waliobaki. Nikawapeleka nyumbani kwangu kwa kupita katikati ya kijiji, mbele ya milango yote ya ule mstari mzuri ulionyooka. Ningeweza kuwapitisha nyuma, nyumba yangu ilikuwa hatua chache tu. Sikutaka kupita nyuma. Nilizunguka kijiji kizima, na mbwa wangu alitembea pembeni yao, mkia juu ya mgongo, akiwarudisha waliotaka kuingia kwenye mboga za watu.

Shemeji alikuja mbio na rungu lake. "Shemeji, hiyo ni mali ya kijiji!"

"Na mimi ni nani? Mimi si kijiji?"

"Bwana afya amekataza mifugo ndani ya nyumba."

"Mwambie aje alale yeye bomani."

Nikasimama, na kwa kuwa watu walikuwa wamekusanyika, nikasema kwa sauti ili nisirudie. Nilisema wana-kondoo hawa watalala ndani ya nyumba yangu pamoja na mbwa wangu, sakafu moja, mpaka siku bunduki itakapoletwa. Akikosekana mmoja, nitamfunga mbwa kamba mimi mwenyewe, nitamleta uwanjani, na nyumba yangu mwitenge mtakavyo. Wakiwa wote wazima, basi aliyesema ajirekebishe. Wakatawanyika mmoja mmoja. Nafikiri walikuwa wanangoja nishindwe, na kungoja ni kazi nyepesi.

Zile zilikuwa siku za shida, nisijifanye shujaa. Nyumba ilikuwa ndogo, watoto wangu walilala wamekumbatiana na kondoo, kila kitu kilinuka mikojo, na mama mkwe alilalamika kutoka asubuhi hadi jioni huku akiwatafutia majani laini. Mimi nilikuwa na hofu. Mbwa ni mnyama. Hajui kwamba ameshtakiwa. Kila nilipomwona akilamba uso wa mwana-kondoo, niliwahesabu upya. Lakini kila asubuhi nilifungua mlango, wakatoka mmoja mmoja wakiruka kizingiti, na wa mwisho kutoka alikuwa yeye, akijinyoosha. Watu wakaanza kuwa na shughuli upande wa nyumba yangu. Mwenye kuazima jembe, mwenye kutafuta kuku aliyepotea. Walihesabu kwa macho na kwenda zao.

Huko bomani, sasa hakuna wadogo, akaliwa kondoo jike mzee. Koo, ubavu.

Bunduki ilikuja siku ya mnada. Mwenye bunduki alikuwa mtu wa wilaya, mnene, anayetaka kumaliza mapema. Mbwa wengine walikwisha kupelekwa uwanja wa shule, kila mmoja amefungwa na mwenyewe. Wangu ndiye aliyefuatwa nyumbani: mwenyekiti, bwana mifugo, shemeji, mwenye bunduki, na nyuma yao nusu ya kijiji.

Nilifungua mlango. Wana-kondoo wakatoka. Mmoja aliyekuwa mdogo kuliko wote alipita chini ya tumbo la mbwa akimgonga gonga kwa kichwa, akitafuta ziwa. Mbwa akasogea tu, kama mama aliyechoka.

Sikumtazama mwenye bunduki. Nilimtazama shemeji. "Sema tena uliyoyaona," nikamwambia. "Sema leo, mchana huu, naye amesimama hapo."

Shemeji alikuwa mtu mzima, mwenye watoto wakubwa, na kiongozi wetu. Jasho lilimtoka. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Mkia ulikuwa chini." Mwenyekiti akamwuliza amesema nini. "Niliyemwona, mkia ulikuwa chini. Nilikuwa nimesinzia, nikashtuka, nikamwona anageuka kunitazama. Alikuwa bweha."

Kwa hilo nilimsamehe, na nimemheshimu hadi alipofariki. Kulisema lile mbele ya watu wake kulimtoa jasho zaidi ya jembe.

Nikadhani yamekwisha. Nilimgeukia bwana mifugo, nikidhani sasa atasema na wale wengine wafunguliwe. Alikuwa anaangalia saa yake. Alisema mbwa huyu aachwe, kwa kuwa shahidi amebadili maneno, lakini amri ya wilaya kuhusu wale wa uwanjani haijabadilika. Na mwenyekiti, mzee wetu mpole, akasema, "Basi, tusikawie."

Tulisikia milio kutoka hapo tulipokuwa. Watoto wangu waliziba masikio, mimi sikuziba. Wenye mbwa wale walijua nilichokijua. Wanawake wale wa kisimani, mbwa wawili kati ya waliokufa walikuwa wao. Niliwaonea huruma na niliwakasirikia wakati uleule, na sijui hata leo kipi kilikuwa kingi.

Hakuna aliyenitenga. Wanawake wakaanza kuchukua wana-kondoo wa kijiji jioni na kulala nao, kila nyumba wake, bila mkutano wala azimio, na bwana afya akaona ni busara kutopita kijiji chetu asubuhi. Boma likalazwa upya, mashina ndani. Bweha akaendelea na maisha yake huko mlimani.

Mbwa wangu, aliyekuwa amekwisha kushika mimba kabla ya siku ile ya bunduki, alizaa mwaka huohuo, na kwa kuwa kijiji hakikuwa na mbwa mwingine, kila mtu alimtaka mtoto mmoja. Niliwagawia bure. Sharti langu lilikuwa moja, na mama mkwe aliniita mkorofi kwa sababu yake. Aliyekuja kuchukua, alisimama mlangoni na kusema kwa sauti ni nani aliyekula kondoo. Wengine walicheka wakasema. Wengine waliona haya, wakasema kwa kunong'ona, nikawaambia sijasikia. Shemeji alikuja wa kwanza, akasema kabla sijamwuliza.

Mtoto wa mwisho alibaki mpaka bwana mifugo alipopata uhamisho. Lori lililombeba yeye na vitu vyake lilisimama mbele ya nyumba yangu, mwenyekiti ameketi karibu na dereva kwa ajili ya lifti ya wilayani, watu wamejaa nyuma. Akashuka, akaniamkia vizuri. Aliniambia huko aendako kuna wezi, na amesikia mbwa wangu ni wa aina nzuri.

Nikambeba yule mdogo, nikamweka mikononi mwake. "Sema basi," nikamwambia.

Akatabasamu. "Mama, wewe unajua kwamba najua."

"Najua. Nataka na wao wajue."

Aligeuka kulitazama lori. Mwenyekiti alikuwa ametoa kichwa dirishani. Bwana mifugo alimpapasa yule mbwa kichwani, mara moja, mara ya pili, mdomo wake ukafunguka kidogo, nami kwa kweli nilimwombea aseme. Lilikuwa neno dogo. Kisha akanirudishia mbwa, polepole, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

"Mama, una kichwa kigumu," alisema.

"Ndiyo," nikamjibu. "Safari njema."

Akapanda. Lori likaondoka na vumbi lake. Nikamrudisha yule mdogo ndani kwa mama yake, nikachukua ndoo, maana kondoo walikuwa hawajanywa maji.